Anakupenda au Anakutisha? Riwaya za Likizo Mikononi mwa Mabinti Zetu

Dada zetu, mabiharusi wetu, na nyinyi kina mama mnaotusoma kupitia simu za mabinti zenu mkidhani hatujui.

Kila mwaka ukiingia mwezi wa saba wageni hushuka. Hatusemi watalii, hao wana mahoteli yao. Tunasema wageni wa ndani ya nyumba: binamu kutoka London, wajomba kutoka Muscat, watoto ambao Kiswahili chao kinachechemea lakini mbele ya bakuli la urojo hawahitaji mkalimani. Skuli zao zimefungwa kwa majira ya joto. Kwetu ni kipupwe, bibi anajifunika shuka la pili alfajiri, na wao wanauliza feni iko wapi. Familia nyingi huzipanga harusi miezi hii hii kwa sababu jamaa wote wapo. Kisha wanaondoka, na nyuma yao wanaacha chokoleti iliyoyeyuka, viatu vilivyowabana, na vitabu.

Vitabu vyenyewe utavijua kwa jalada. Bahari, msichana amegeuza shingo, na jina lenye uongo ndani yake, au siri, au kifo. Ukifungua unakuta nyumba ya ufukweni, vijana wanne watano walioachiwa likizo nzima bila mtu mzima wa maana, penzi jipya, na maiti. Ndizo riwaya za taharuki za vijana, zinazoandikwa Marekani na Uingereza ili zisomwe juu ya mchanga, na zinazomalizia maisha yao juu ya vitanda vya Michenzani na Mbweni, zikipita mkono kwa mkono mpaka jalada linabanduka.

Kina mama wametuuliza: tuvichome? Tumevisoma kabla ya kujibu. Vingine tumevisoma mpaka saa nane za usiku na asubuhi tukasingizia mtoto hakulala.

Lakini kwanza tuwapeleke kwenye usiku mmoja wa hina, miaka minne iliyopita. Biharusi amenyoosha mikono juu ya mto, piko bado bichi, hawezi kugusa kitu. Mdogo wake wa miaka 16 amekaa pembeni anamfunulia kurasa za kitabu, moja baada ya moja, maana amebakisha sura tatu na hataki kuolewa bila kuujua mwisho. Tukacheka sana. Akafika mahali kijana wa kwenye kitabu anamfuata msichana kwa siri, akasema, "Huyu kama wangu." Tukamwambia hebu tuhadithie.

Akahadithia. Siku moja alikwenda Darajani na shangazi yake kuchagua vitambaa, hakumwambia mchumba. Wanatoka dukani, wanamkuta ng'ambo ya njia, amekunja mikono, anamtazama. Hakuvuka, wala hakutoa salamu. Alimkodolea macho kisha akaondoka. Usiku ukaja ujumbe: usinifanyie tena hivyo, nakupenda mno. Kuanzia siku hiyo simu yake ilikuwa inamwonyesha mchumba alipo, saa zote. "Moyo ulinidunda wallahi," alisema, na uso wake ulikuwa unang'aa. Mtu akapiga kigelegele. Na sisi tukaitikia.

Kuhusu huko kudunda kwa moyo, upo utafiti unaostahili kuhadithiwa kwenye kila singo. Wanasaikolojia wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, waliuchapisha mwaka 1974. Karibu na Vancouver, Canada, kuna daraja la Capilano linaloning'inia juu ya korongo, urefu wa mita 70 hivi kutoka chini, na ukilikanyaga linayumba. Walimweka mwanamke kijana awasimamishe wanaume waliovuka peke yao, awaulize maswali kwa ajili ya utafiti, kisha awape namba ya simu kama wangependa kujua zaidi. Wakafanya hivyo hivyo kwenye daraja jingine la chini, imara, lisilotikisika. Kwenye daraja la kuyumba wanaume 18 waliichukua namba, na 9 wakapiga. Kwenye daraja imara waliichukua 16, wakapiga 2.

Mwili ulikuwa unaogopa kuanguka. Mapigo yalipanda, viganja vikatoa jasho, na kwa sababu mbele yake alisimama binti, mtu akaifasiri khofu kuwa mvuto. Moyo una namna moja tu ya kudunda. Hauleti maelezo kwamba hii ni mahaba na hii ni hatari. Maelezo tunayaweka wenyewe, na mara nyingi tunaweka yale tunayoyapenda.

Mwandishi wa taharuki anaijua siri hii kuliko wanasaikolojia. Ndiyo maana busu la kwanza halitokei sebuleni wakati watu wanakunywa chai. Linatokea ndani ya boti iliyozimika injini, au nyuma ya mlango ambao muuaji amepita sasa hivi. Msomaji anaogopa na anapenda kwa pumzi moja. Hilo ni kosa la mwandishi? Hatudhani. Ni ufundi wake, kama mpishi anavyojua pilipili. Tunachouliza sisi ni kitu kingine: akishakupandisha darajani, anakushusha? Au anakuacha hapo hapo akikwambia huko kuyumba ndiko kupendwa?

Vipo vinavyokuacha hapo. Mama wa tabia hii si kitabu cha likizo, kinatokea Forks, mji wa Washington ambako mvua haikomi, lakini watoto wake wamejaa pwani. Tunasema Twilight ya Stephenie Meyer, ya mwaka 2005. Edward anaingia chumbani kwa Bella usiku kumtazama akilala, na binti mwenyewe hana habari. Katika kitabu cha tatu anaiharibu gari yake makusudi ili asiweze kwenda kumtembelea rafiki yake. Tulipokuwa wadogo tulisoma hayo tukakumbatia mito. Leo tukiyasoma tunatafuta baba wa msichana yuko wapi na kwa nini dirisha halina komeo. Kitabu chenyewe kinamsamehe Edward upesi mno, na msomaji wa miaka 14 anajifunza kusamehe kwa kasi hiyo hiyo.

Au chukua Outer Banks ya Netflix, iliyoanza 2020, ambayo mabinti zetu wameiangalia kwa simu mpaka vifurushi vikaisha. Boti, hazina iliyozama, ngozi zilizoungua jua. Ukiitazama vizuri ina jambo la kweli kabisa: hatari kubwa kwa Sarah haitoki kwa yule kijana maskini ambaye kwao hawamtaki, inatoka nyumbani kwake mwenyewe, kwa baba na kaka. Kaka yake, Rafe, anaua mtu, na baadaye anampiga risasi Sarah, dada yake wa damu. Sasa nenda mtandaoni uone wasichana wangapi wanamtetea Rafe. Ana macho ya huzuni, wanasema, alikosa mapenzi ya baba. Jamani! Tunajua wanawake waliolewa na huzuni ya macho.

Basi mama anasema: si ndiyo, tuvichome. Ngoja, mama. Maana vipo vinavyokushusha darajani, na hivyo ndivyo tulivyokuja kuvitetea.

Mwaka 1973 Lois Duncan, Mmarekani, alitoa I Know What You Did Last Summer. Wengi wanaijua filamu ya 1997, yule mvuvi na kulabu yake. Kitabuni hakuna mvuvi. Kuna vijana wanne waliomgonga mtoto mwenye baiskeli usiku, wakakimbia, wakala kiapo cha kunyamaza. Julie, mmoja wao, anapata barua baada ya mwaka. Wakati huo huo ana rafiki mpya wa kiume, mpole, mtu mzima kidogo, anayemjali. Helen naye ana jirani mpya, kijana mzuri, mwenye kusikiliza. Anayetaka kukisoma aruke hapa. Wanaume hao wawili ni mtu mmoja, kwa majina mawili, na ni kaka wa marehemu aliyekuja kulipa kisasi. Dalili zilikuwepo tangu mwanzo, ila hakuna aliyekaa kuzioanisha. Hakuna aliyemuuliza mwenzake: wako ni nani, anatoka wapi, umewahi kuwaona watu wake?

Na Bi Lois mwenyewe dunia ilimfikisha pabaya. Julai 1989 binti yake wa mwisho, miaka 18, alipigwa risasi akiendesha gari mjini Albuquerque. Mama aliyekuwa akiandika uchunguzi wa kubuni akajikuta anafanya uchunguzi wa kweli, na mwaka 1992 akauchapisha kitabu. Filamu ilipotoka hakuipenda, akasema wazi kwamba mama aliyeuliwa mtoto hawezi kuona kifo ni kitu cha kupigia mayowe ya raha. Tunamkumbuka kila tunaposikia kwamba vitabu hivi vinaandikwa na watu wasiojua uchungu.

We Were Liars ya E. Lockhart, ya 2014, inatugusa kwa njia nyingine. Familia tajiri ya Sinclair ina kisiwa chake binafsi, karibu na Martha's Vineyard kule Massachusetts, na kila mwaka wanakutana hapo kwa majira ya joto. Cadence anampenda Gat, kijana mwenye asili ya Kihindi, na babu hamtaki kwa sababu ambazo hathubutu kuzitamka. Unaposoma unafundishwa kumwangalia Gat kama ndiye hatari. Wakati huo mama na shangazi zake wanagombania nyumba za babu hali babu yu hai, wanawatuma watoto wao wakajipendekeze, na wageni wakija wote wanatabasamu. Mwisho wake hatuusemi, mtalia wenyewe. Lakini niambieni ni wangapi kati yetu tumekaa kwenye baraza hiyo! Sisi watu wa visiwa tunazijua nyumba zinazonuka udi mbele na mirathi nyuma.

Tunayempenda kuliko wote ni Pip, wa A Good Girl's Guide to Murder ya Holly Jackson, ya 2019. Huyo ni Mwingereza wa mji mdogo. Likizo ya joto wenzake wanatembea, yeye anaanza kuchunguza kifo cha msichana ambacho mji mzima umekwisha kukihukumu. Kijana wa jina Sal ndiye aliyebebeshwa, naye ameshakufa, hawezi kujitetea. Pip anaandika kila kitu: nani alisema nini, saa ngapi, na nani alikuwa na sababu ya kudanganya. Mapenzi yapo, na tazama yanavyokuja. Ravi, mdogo wake Sal, hamvizii wala hamtishi. Anabeba nusu ya kazi. Anamwamini, anamtania, anamsikiliza akifikiri kwa sauti. Hatari iko nje, kijana yuko upande wake. Hivyo vitu viwili havikuchanganywa kwenye sufuria moja, na kitabu bado kinakukosesha usingizi.

Hatusemi vyote ni vya kila mtoto. Humo mna pombe, mna vyumba visivyofungwa milango, mna mambo ambayo hatumpi mtoto wa miaka 12, na mama ana haki ya kusoma kabla. Ila kuchoma, hapana. Wazee wetu walimsoma Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, kiko mdomoni, maiti mbele yake, na hawakugeuka wauaji. Walijifunza kwamba mtu anayeonekana mwema anaweza kuulizwa swali la pili. Halafu simu iko chini ya mto, mama. Utachoma ngapi?

Sasa turudi kwa biharusi wetu wa hina.

Posa ilipokuja, watu wake walimuulizia kijana kama tunavyouliziana sote. Ana kazi? Anayo. Anasali? Msikitini, safu ya mbele. Ukoo? Unajulikana. Sigara, mirungi? La. Kila jibu lilikuwa zuri, na kila jibu lilikuwa la kweli. Alikuwa ameshaoa na kuacha, hilo alilisema mwenyewe, na lilipita kama alivyolisema: hatukuelewana. Mke yule alikuwa akikaa Mtoni, daladala moja tu kutoka nyumbani kwa biharusi. Hakuna aliyepanda daladala hiyo.

Miezi saba baada ya ndoa biharusi alirudi kwao na begi moja, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya buibui. Hatutaeleza zaidi, si letu la kueleza. Baadaye ndipo watu walipoanza kusema. Jirani wa Mtoni alikuwa akijua. Shemeji alijua pia. Walipoulizwa mbona mlinyamaza, wakajibu kwamba waliogopa kusengenya, waliogopa kuvunja posa ya watu. Na sisi tuliosikia kisa cha Darajani kwa masikio yetu, sisi tuliopiga kigelegele, tulijibu nini? Tulidhani ni mahaba. Kilisikika kama kitabu.

Hapo ndipo tulipokwenda kumuuliza mwalimu wetu wa chuo habari ya kusengenya, naye akatukumbusha kisa ambacho tulikisoma utotoni bila kukisikia. Fatima bint Qays, eda yake ilipokwisha, alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia wamemposa wawili, Muawiya na Abu Jahm. Hakujibiwa kwa mafumbo. Aliambiwa kwamba Muawiya hana mali, na kwamba Abu Jahm fimbo yake haishuki begani. Akaelekezwa kwa Usama bin Zayd. Mwanzo hakumtaka, kisha akaolewa naye, na mwenyewe akasimulia kheri aliyoipata humo. Kisa kimo katika Sahih Muslim. Na Imam Nawawi, anapotaja katika Riyadh as-Salihin sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa aibu yake, anaitia humo nasaha kwa mtu anayeshauriana juu ya ndoa, na ushahidi wake ni huyu huyu Fatima.

Fimbo haishuki begani. Watu wameyasema hayo karibu miaka 1,400 kabla ya simu ya kuonyesha mtu alipo, na sisi tunaogopa kumuuliza jirani wa Mtoni.

Kwa hiyo tukiulizwa juu ya vitabu vya likizo, tunasema visomeni pamoja nao. Akifika pale moyo unapodunda, muulize: unaogopa au unapenda? Usimuulize kwa sauti ya hukumu, atafunga kitabu na mdomo. Muulize kama mtu unayetaka kujua. Muulize kama kijana huyu angemwambia rafiki yake maneno hayo, yangemchekesha au yangemkera? Nani katika hadithi anamjua kijana huyu tangu mdogo, na mbona mwandishi hajampa nafasi ya kusema? Utashangaa wanavyoona. Mabinti wanaona mapema kuliko sisi, tatizo ni kwamba wakisema tunawaambia wana chuki, au wanajua nini hao.

Yule mdogo mtu aliyekuwa akifunua kurasa usiku ule, sasa ana miaka 20. Mwezi uliopita imekuja posa yake. Kijana ni wa Pemba, familia inasifika, kila mtu ana furaha. Yeye alipoulizwa hakukataa wala hakukubali. Aliingia ndani akatoka na daftari la skuli, kurasa mbili zimejaa mwandiko, akampa mjomba wake. Tumeliona daftari hilo. Swali la kwanza ni la sala, la pili la kazi. La tatu linasema: mara ya mwisho alipokasirika sana, alifanya nini, na nani alikuwepo? La nne: nani amewahi kugombana naye, na je, tunaweza kuongea na huyo?

Mjomba alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa amekaa. Akamuuliza, wewe mwanangu unataka mume au unafanya upelelezi? Akamjibu, "Vyote, mjomba." Dada yake alikuwa jikoni, akaja mlangoni akasimama, hakusema neno.

Jana mjomba ameondoka na boti ya Mkoani, daftari ndani ya mfuko wa kanzu. Hajapiga simu bado.